Vifuniko Viachwe Wazi

Nchiru, Meru
6 Februari 1988

Kwa Mzee Ngari, Baba Wanjira,

Zipokee salamu hizi ukiwa umekaa, maana ni nyingi. Mimi ni mzima kuanzia kichwa hadi kwenye paja. Kutoka hapo kwenda chini nitaeleza. Natumaini Mama Wanjira hajambo, mbuzi hawajambo, nyuki wako hawajambo, na Mwalimu Wanjira pia hajambo. Yeye nimemtaja mwisho kwa adabu tu.

Baba, bila shaka umeona ndege nyeupe yenye mstari mwekundu imesimama kwenye kile kiwanja cha misheni nyuma ya shamba lako. Ni ya tajiri wangu Marete, yule mfanyabiashara wa miraa niliyekutajia siku nilipokuja na wazee wetu kujitambulisha. Na mimi ndiye fundi wake; ndiyo ile kazi uliyoniuliza tena na tena kama ni kazi ya kweli. Ijumaa Marete alikuwa anarudi kutoka Nairobi akiiendesha mwenyewe. Alipoanza kupanda ili avuke kilima cha Kiang'ombe, saa ya joto la injini ikaingia kwenye nyekundu. Akaona kiwanja, akashuka, akafunga mlango, akaenda kutafuta basi. Alipofika hapa alisema, "Muthamia, hiyo kitu imenichemkia kama sufuria ya githeri. Mimi siingii tena mpaka wewe mwenyewe uitengeneze."

Ningekuja siku ileile. Lakini wiki iliyopita niliteleza nikiosha bawa la ndege hiyohiyo, nikaanguka, mguu ukavunjika. Sasa nimefungwa plasta hadi juu ya goti, na daktari anasema mfupa ulikatika vibaya, hataitoa kabla ya Mei.

Kwa hiyo nakuomba msaada, kwa heshima yote. Chini ya pua ya ndege kuna vifuniko viwili vya bati, kimoja kushoto na kingine kulia. Injini hii haipozwi na maji kama ya lori, inapozwa na upepo. Upepo unaingia kwa mbele, unazunguka injini, halafu unatokea chini kwenye vifuniko hivyo. Ndege ikiwa chini au ikipanda, tunavifungua. Ikishatulia juu, tunavifunga ili injini isipate baridi. Ndani, karibu na goti la kulia la dereva, kuna mkono mdogo wa kuvifungua na kuvifunga. Naomba uusukume, mtu mwingine akiangalia nje kama vyote viwili vinatii. Ile pangaboi ya mbele usiiguse hata kwa kidole. Ufunguo utapewa na kondakta wa basi pamoja na barua hii na kifurushi cha miraa.

Najua si adabu kumtuma mkwe kazi. Lakini ulisema mbele ya wazee kwamba binti yako haendi kwa mtu asiye na kazi, na kazi yangu yenyewe imelala nyuma ya shamba lako.

Mwanao, Mungu akipenda,
Muthamia

*

Siakago, Embu
14 Februari 1988

Kwa Muthamia,

Salamu zako nimezipokea nikiwa nimesimama, kama nilivyozoea. Huku tuko salama. Mama Wanjira anakohoa kidogo lakini kuongea anaongea kama kawaida. Pole kwa mguu. Mtu anayeanguka kutoka kwa ndege iliyosimama, sijui angefanya nini ikiwa inaruka.

Miraa imefika. Ni mirefu sana. Sisi huku tunatafuna muguka, jani fupi, kazi ileile, bila maringo.

Sasa taarifa. Unajua nilikuwa sajenti wa polisi, na nikipewa uchunguzi naufanya kwa utaratibu. Nilifika eneo la tukio Jumamosi asubuhi, nikiandamana na Wanjira, pamoja na jirani yangu Rwamba ambaye hakualikwa. Niliingia ndani, nikausukuma mkono. Wanjira alikuwa nje akiangalia. Kifuniko cha kushoto kilitii. Cha kulia kilifunguka kidogo tu, kikalia, kikagoma. Nikarudia. Kikagoma tena.

Ilibidi nilale chali chini ya ndege. Naomba uweke moyoni kwamba mzee wa rika langu alilala chali mbele ya watoto wote wa misheni kwa ajili ya kazi yako. Kule ndani, juu ya kifuniko cha kulia, niliona kipande cha gunia. Kimekunjwa vizuri, kimefungwa kwa kamba ya mkonge, na fundo lake ni la mtu wa malori. Sikukigusa, kwa kuwa sijui kama ni kiungo cha injini.

Mama Wanjira alitaka sana kuona ndani, lakini koti lako limetundikwa nyuma ya kiti, na wewe unajua kwamba mama mkwe hapiti mbele ya nguo ya mkwe wake. Amesimama mbali siku nzima akiinyoosha shingo. Ulifikirie jambo hilo.

Wanjira anasema uache kujikuna ndani ya plasta kwa sindano ya kufumia. Sijui amejuaje. Katika barua yako kwangu hukuandika habari za kujikuna.

Ngari, Baba Wanjira
(bado si mkwe wako)

*

Nchiru
20 Februari 1988

Kwa Mzee Ngari,

Natumaini kikohozi cha Mama kimepungua na kwamba mgongo wako umesahau ile ardhi ya kiwanja. Mimi naendelea vizuri. Habari za kujikuna, labda Mwalimu amezisoma mahali.

Baba, gunia! Lile si kiungo cha injini. Niliposoma neno hilo nilitaka kusimama, nikakumbuka siwezi. Marete alianza na malori kule Timau, na baridi ya asubuhi za Timau unaisikia. Kila dereva wa kule hufunika rejeta kwa gunia ili injini ishike moto haraka. Januari alinilalamikia kwamba ndege inakohoa asubuhi. Mimi nikamwambia, "Ngoja nitaangalia." Yeye hakungoja. Amevalisha injini sweta! Upepo moto unataka kutoka, sweta linauzuia, kifuniko kinakwama, saa inaingia kwenye nyekundu.

Sasa ona shida yangu. Nikimwambia tajiri kwamba kosa ni lake, nafukuzwa. Nisipomwambia, kosa litakuwa langu, na bado nafukuzwa. Yeye ni mtu mzuri lakini kukosolewa hapendi, na juzi aliuliza mbele yangu kama kuna fundi mwingine Nanyuki.

Nakuomba utoe hilo gunia na ulihifadhi. Paka bawaba mafuta kidogo. Halafu fungua vifuniko vyote, uviache hivyo, ili nyaya zinazovivuta zipumzike na unyevu utoke. Vifuniko viachwe wazi kabisa, usiku na mchana, mpaka nitakapokuja.

Koti naomba Mwalimu alitoe alifunge kwenye sanduku. Mwambie Mama kwamba naomba radhi kwa niaba ya hilo koti.

Mwanao mtarajiwa,
Muthamia

*

Siakago
9 Aprili 1988

Muthamia mwanangu,
(nimeandika hivyo kwa furaha, usizoee)

Mvua imetukumbuka. Kunde zimeota, ndengu zimeota, mbuzi wamenenepa. Mama Wanjira amepona. Natumaini mguu wako nao unaota.

Nina habari njema kubwa kuliko barua hii. Jumapili tulikuwa tunatoka kanisani, mimi mbele, Rwamba nyuma akilalamika kuhusu mahubiri. Tukasikia mvumo juu ya vichwa. Nyuki! Kundi zito linatafuta makao. Nina mizinga mitupu juu ya miti yangu, mizuri, nimeipaka nta kwa mkono wangu mwenyewe. Wakaipita yote bila hata salamu. Wakaenda moja kwa moja hadi kwenye ndege na kuingia kwa vile vifuniko, vikiwa wazi kabisa, usiku na mchana, kama ulivyoagiza.

Huenda ninyi wa Meru mna mambo yenu, lakini sheria yetu ni hii: nyuki waliokuja wenyewe ni wa mtu anayewahi kuweka alama ya ukoo wake kwenye mzinga. Rwamba alianza kukimbia. Ana miguu mirefu, lakini hakuwa na kisu. Mimi nilikuwa na kisu. Nilichonga alama yetu, mistari miwili na mwezi mdogo, kwenye kifuniko cha kulia, huku nyuki wakinipita masikioni. Rwamba alitema mate chini akaenda kwake.

Sasa sikiliza uzuri wenyewe. Unakumbuka kitu kimoja kilichobaki katika yale wazee waliyokuagiza? Asali ya pombe ya wakwe, itoke kwenye mzinga unaoutunza mwenyewe, isiwe ya kununua. Ulikuna kichwa ukasema wewe ni mtu wa mashine, utaitoa wapi. Basi mashine yako inatengeneza asali! Nimeweka sikio kwenye pua ya ndege na nimesikia kazi inaendelea. Mungu ana mipango.

Ngari,
karibu mkwe wako

*

Nchiru
14 Aprili 1988

Kwa Mzee Ngari, kwa heshima,

Salamu. Nyumbani ni salama, isipokuwa mimi.

Baba, nimefurahi sana kwa ajili ya asali. Nimefurahi mpaka nimekosa usingizi. Lakini naomba kuuliza polepole: umechonga bati la ndege kwa kisu?

Na kuna jambo lingine. Kanisa la kwao Marete lina harambee katikati ya Mei. Ametangazia watu wote kwamba atashuka kutoka mbinguni, hayo ni maneno yake mwenyewe. Jana alikuja hapa kitandani, akaangalia plasta, akaniangalia mimi. "Muthamia, hiyo ndege ikose kuja harambee, wewe utafute kazi ya kuchuma chai." Habari za nyuki sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Nakuomba kama mtoto kwa baba. Wewe ni fundi wa nyuki, hakuna Rwamba anayekufikia. Wahamishe wageni wetu kwa upole jioni moja, uwapeleke kwenye mzinga wa kawaida. Nikipoteza kazi hii, wewe mwenyewe ulisema Wanjira haji. Na Wanjira asipokuja, baba, mimi plasta hii niachiwe tu ilivyo.

Mwanao,
Muthamia

*

Siakago
21 Aprili 1988

Kwa Muthamia,

Salamu. Sote wazima, ila hali si nzuri.

Nilipeleka ombi lako kwa wazee wa ukoo. Tulikaa kikao chini ya bawa la ndege, maana lina kivuli kizuri na nyuki wametuzoea. Kwanza walisema nyuki walio chini ya alama hawahamishwi kabla asali haijavunwa, na asali ni ya Julai. Hilo nililitarajia, na nilikuwa na maneno ya kuwalainisha.

Ndipo Rwamba akasimama. Rwamba hasimami bila shari. Akasema, "Wazee, mimi nauliza tu. Huu mzinga uko na alama ya ukoo wetu, ama hauna?" Wakasema unayo. "Na ni mzinga wa nani?" Wakasema wa Muthamia. "Basi mtu mwenye mzinga wa alama yetu ni mtu wa ukoo wetu. Na kama Muthamia ni wa ukoo wetu, huyu msichana Wanjira ni dada yake. Mnataka kuoza mtu dada yake?"

Muthamia, wazee wote waligeuka wakaniangalia mimi. Mimi nimewahoji wezi sugu katika maisha yangu, lakini safari hii nilihojiwa mimi. Ukoo mmoja hauoani. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Wazee wameahirisha kikao na mambo ya ndoa yamesimama mpaka watakapokaa tena.

Wanjira haongei na mimi. Ananiwekea chakula mezani kama mahabusu. Leo asubuhi aliniambia, "Baba, ulikuwa na haraka gani na kisu?" Alama niliiweka kwa furaha, na ndiyo imekuwa kitanzi. Nina huzuni, nakwambia wazi.

Ngari

*

Nchiru
26 Aprili 1988

Kwa Mzee Ngari,

Salamu kwa ufupi, kondakta ananingoja na injini inanguruma.

Waambie wazee: ndege SI YANGU. Mimi sina hata msumari mmoja katika ndege hiyo. Ni ya Marete, na barua za serikali zina jina lake. Mimi ni mtunzaji tu. Rwamba aulizwe tena: mchungaji wa ng'ombe ndiye mwenye ng'ombe?

La pili ni baya. Marete amesikia habari za nyuki sokoni kutoka kwa mtu wa Embu. Ameondoka asubuhi hii kuja kwenu na vijana wawili na pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Nimemsihi, hakusikia. Alisema, "Nyuki ni nzi wenye kiburi."

Tafadhali mzuie. Kama huwezi, mfiche Mama.

Muthamia

*

Siakago
2 Mei 1988

Kwa Muthamia,

Salamu zangu zikukute umetulia, maana nina mengi, na yote ni kweli tupu kama taarifa ya kituoni. Barua yako ilifika saa moja baada ya Marete. Ungeandika kwa ufupi zaidi.

Marete aliingia kiwanjani bila kubisha hodi kwa mtu. Wale vijana walipoona nyuki walikumbuka wameacha kitu stendi, na hawajarudi hadi leo. Marete akavaa pampu mgongoni, akasogea, akapiga dawa mara moja kwenye kifuniko cha kushoto. Kifuniko cha kulia kikajibu.

Sijawahi kuona mtu mnene hivyo akikimbia vizuri hivyo. Alivuka kiwanja, akaruka ua wangu, akaingia jikoni na kujificha nyuma ya Mama Wanjira, ambaye alikuwa anapika ugali wa mtama na mwiko mkononi. Mama alimfunika kwa blanketi langu la polisi, akajaza jiko majani mabichi hadi moshi ukatanda, nyuki wakarudi kwao. Dawa yenyewe haikuwafika wengi. Mwenye kuumia ni yeye. Uso ulivimba hadi macho yakafunga kabisa.

Basi, kwa kuwa hakuweza kuona, ilibidi asikilize. Wanjira alimkanda uso kwa maji baridi, mimi nikachukua maelezo. Nilimwekea kile kipande cha gunia mikononi. Akakipapasa. Akalipapasa fundo. Halafu akasema, "Hii gunia ni yangu." Nikamwambia najua. Akasema, "Lakini Timau gari zote tunavalisha!" Nikamwambia Timau gari haziruki. Hapo alicheka, ingawa kucheka kulimuuma, na Wanjira akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nzima kumsikia mtoto wangu akicheka.

Jioni wazee walikuja. Anayewasumbua nyuki walio chini ya alama anatozwa faini, na Rwamba alikuwa ameshachagua mbuzi mkubwa zaidi. Nikasimama, nikasoma maneno yako kuhusu mchungaji na ng'ombe. Nikasema mzinga si wa Muthamia, mwenye mzinga ni huyu hapa aliyevimba. Wakamuuliza. Akasema ndege ni yake. Mzee wa kikao akasema basi, kwa alama ile, Marete ni mtu wa ukoo wetu.

Marete hana macho lakini akili anayo. Akauliza kutoka ndani ya blanketi, "Nikiwa wa ukoo, hiyo faini nalipa?" Wakamwambia mtu hatozwi faini kwa mzinga wake mwenyewe, anachinja tu mbuzi ale na ndugu zake. Akasema, "Leteni kisu." Mbuzi amechinjwa, Marete amekula nyama, amekuwa ndugu yangu mdogo. Kwa hiyo Wanjira ni binti yake. Wewe si wa ukoo, wewe ni mtunza mzinga tu, na mtunza mzinga ana haki ya sehemu ya asali. Rwamba amebaki akihesabu vidole.

Nilimuuliza ndugu yangu, je, mtu anaweza kumfukuza kazi mkwe wake? Alifikiri, akasema hapana, ni aibu. Lakini pia anasema kwamba sasa, akiwa baba mdogo wa msichana, ataangalia tabia yako kwa makini sana. Anataka ndege ikae hadi Julai, asali iive.

Ngari,
mkwe wako, wazee wameshasema

*

Nchiru
7 Agosti 1988

Kwa Baba na Mama,

Nawasalimu kutoka kwenye miguu miwili. Mimi na Marete tumefika salama.

Kwanza nimalize habari za harambee. Marete alifika kwa lori, uso bado haujarudi wote, na padri alimkaribisha kama mgeni kutoka nje ya parokia. Akashika kipaza sauti akasema, "Niliwaahidi kushuka kutoka mbinguni, nimeshuka kutoka jikoni kwa mama mmoja Siakago." Watu wanalirudia neno hilo mpaka leo.

Baba, nakushukuru kwa wiki ile ya Julai. Ulivyowatoa nyuki wale kwa moshi na maneno ya chini, mpaka malkia akaingia kwenye mzinga wako kwa hiari yake, sijaona kazi safi hivyo. Mimi nilichobakiwa nacho ni nta. Ilijaa kwenye bawaba zote, na gundi ya nyuki ilishika nyaya kama saruji. Wanjira alinishikia tochi, nikasugua kwa petroli na mswaki hadi kifuniko cha kulia kikafunguka bila kulia. Nafikiri hapo ndipo nilipopenda kazi yangu kabisa. Au labda ni kwa sababu ya mtu aliyeshika tochi.

Lakini ile siku ya mahari, baba! Asali ya ndege imekubaliwa, pombe imenywewa, wazee wetu wameimba. Halafu naangalia upande wenu, na tajiri wangu mwenyewe amekaa hapo katikati ya ukoo, amevaa kofia, anapiga fimbo chini: "Hii msichana ni mwalimu! Blanketi ya mama iko wapi? Mnafikiri tunachezea hapa?" Mtu anayenilipa ndiye aliyenibana kuliko wote. Wewe ulikuwa ukinihurumia, nilikuona.

Tuliporuka, vifuniko vikiwa wazi, nilitazama ile saa kuliko nilivyotazama mbele. Tukapanda juu ya Kiang'ombe na mshale ukakaa kwenye kijani, hata haukutikisika. Tukatulia, nikavifunga. Nyuki mmoja aliyesahaulika akatoka kwenye tundu la hewa, akatua kwenye goti la Marete. Marete hakumpiga. Alimwambia, "Kaa tu, ndugu," na jasho lilikuwa linamtiririka.

Nilitaka kupaka rangi pale ulipochonga. Marete amekataa. Anawaonyesha watu wote alama ya ukoo wake.

Nilikuona chini, ulisimama wima ukapiga saluti hadi tukapotea. Septemba tutakuja kumchukua Wanjira kwa heshima inayostahili. Nitamtunza, baba. Sisemi kwa mdomo tu.

Mwana wenu,
Muthamia

*

Siakago
20 Novemba 1988

Kwa Muthamia, na umsomee Wanjira,

Salamu zenu tumezipata, pamoja na sukari na picha ya harusi. Katika picha Rwamba amesimama mbele yangu, kama kawaida yake. Sisi tuko wazima. Mvua ni nzuri na mizinga ni mizito.

Huku ni kimya. Mama yenu bado anapika chakula cha watatu, halafu anakasirika tusipokimaliza. Madaftari ya watoto hayako tena mezani, na sikujua meza ile ni kubwa hivyo. Zamani nilikuwa nalalamika Wanjira akiwasha taa hadi usiku akisahihisha. Sasa taa naiwasha mimi, sina la kusahihisha. Nimemkumbuka mtoto wangu. Polisi hawafundishwi kuandika maneno kama hayo, lakini nimeyaandika.

Kiwanjani, pale ndege ilipokaa, nyasi zimeota upya. Nikipita asubuhi najikuta nimeangalia juu. Juzi ilipita moja, nikasimama wima. Haikuwa yenu.

Mama yenu amewapelekea wazee swali lake mwenyewe. Anataka kuja kuwaona kwa ndege, lakini mama mkwe atakaaje karibu na kiti cha mkwe? Wazee wamekaa asubuhi nzima. Wameamua kwamba sheria ile ni ya ardhini. Huko juu hakuna mlango wala kizingiti, ni hewa tu, na hewa haina mkwe. Tangu siku hiyo amefunga mizigo yake na ameiweka karibu na mlango.

Sasa naomba taarifa ya injini. Mshale wa joto unasemaje? Unakaa kwenye kijani siku zote? Hiyo ni habari njema, na wewe ni fundi mzuri, nimewaambia watu wengi. Lakini injini ni injini. Kama ni lazima ichemke tena siku moja, nakuomba ichemkie karibu na Kiang'ombe, isichemkie kwingine. Kiwanja nimekifyeka mwenyewe, upande wote hadi kwa misheni.

Na mkishatua, vifuniko viachwe wazi.

Baba yenu,
Ngari